Kishindo Kwenye Swichi: Hasira Yako Inashukia Wapi?



Tafakari ya leo inatoka karakana, sio mimbarini. Mimi si padri wala shemasi. Ni fundi wa redio na amplifaya, na siku za Jumapili nasimamia vyombo vya sauti parokiani kwetu. Kwa hiyo nikizungumzia kelele, nazungumzia kitu ninachokula nacho sahani moja.

Kuna mlio mmoja ambao wapiga magitaa wanaujua kwa jina na waamini wengine wanaujua kwa kushtuka tu. Mpiga gitaa anakanyaga pedali yake kuiwasha au kuizima, na spika zinatoa "PO!" kama mtu amepiga bati kwa ngumi. Pedali nyingi za dukani hazina shida hiyo. Lakini pedali za kuunda mwenyewe, na vijana wetu siku hizi wanaziunda kweli, zinaugua mlio huo kama watoto wanavyougua surua. Nataka tuufuatilie mlio huo hadi chanzo chake, kwa sababu nadhani wengi wetu tunao, hata ambao hatujawahi kushika gitaa.

Neno la kutuongoza ni la Mtume Paulo kwa Waefeso, sura ya 4 mstari wa 26, pale anapoiweka hasira na kuzama kwa jua katika sentensi moja. Ufungue mwenyewe kwenye Biblia yako, usome polepole, kisha turudi hapa.

Kwa asiyejua: pedali ni kiboksi cha chuma, ukubwa wa kiganja hivi, kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Ndani yake kuna saketi inayobadilisha sauti, iwe nzito, ikwaruze, irudie kama mwangwi. Juu yake kuna swichi ya kukanyaga. Ikizimwa, sauti ya gitaa inapita moja kwa moja kana kwamba kiboksi hakipo. Ikiwashwa, sauti inaingizwa kwenye saketi kwanza halafu ndio inatoka. Basi, hiyo tu.

Mpiga solo wa kwaya yetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliunda ya kwake. Bei ya dukani inakimbiza, naye ana mikono. Alinunua vipande Kariakoo, vingine akavitoa kwenye redio mbovu, akachora saketi, akalehemu usiku baada ya kazi. Sauti ilitoka nzuri kwa kweli. Tatizo lilikuwa swichi, na tatizo lilichagua siku. Komunyo imekwisha kugawiwa, wimbo umekwisha, padri amekaa, kanisa limenyamaza. Mnajua ukimya ule. Maelekezo ya Misale ya Kirumi yanautaja kabisa, kwamba baada ya Komunyo tunanyamaza tukimsifu Mungu na kusali moyoni. Kijana akataka kuizima pedali mapema, ajiandae na wimbo wa shukrani. Akakanyaga.

PO! Kwenye spika zote.

Mama mmoja wa WAWATA alishika kifua. Mtoto akaangua kilio. Baada ya Misa, katibu wa kwaya alimwambia mbele ya wenzake kwamba kanisani haletwi mtu na midoli yake. Usiku ukafuata ujumbe mrefu kwenye kundi la WhatsApp, wa jumla jumla, bila jina, lakini kila mtu alijua ni nani. Saa nne na dakika kadhaa tukaona yale maandishi madogo ya kijivu: fulani ametoka kwenye kundi.

Niseme moja kabla sijaendelea, maana najua wapo watakaodai kosa ni kuleta gitaa la umeme kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 120, uliipa kinanda cha filimbi heshima ya pekee, kisha ukakubali vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa mahalia, mradi vifae kwa ibada, viendane na hadhi ya hekalu na viwajenge waamini kweli. Kwetu idhini ipo. Suala ni kama kile chombo kinajenga au kinashtua. Na chombo kinachoshtua hakitupwi kabla hakijafunguliwa.

Jumanne alikuja karakana na pedali kwenye mfuko wa kitambaa. "Kaka, nimekuletea. Uitengeneze au uitupe. Mimi nimechoka."

Sasa sikia namna fundi anavyotafuta. Hafungui boksi kwanza. Anasikiliza. Nikachomeka gitaa upande mmoja na amplifaya upande wa pili, nikamwambia akanyage. PO! Kanyaga tena haraka. Po. Tena. Pu. Tena, tena, tena. Mara ya sita hivi ilibaki "tak" ya chuma cha swichi yenyewe na kimlio kidogo sana nyuma yake. Nikamwambia aache. Tukanywa chai. Baada ya kikombe nikasema, kanyaga. PO! Kubwa kama ya kwanza.

Hapo nilishajua nusu ya ugonjwa. Kama swichi ingekuwa mbovu peke yake, mlio ungekuwa uleule kila mara. Mlio unaopungua ukikanyaga mfululizo, halafu ukarudi mkubwa baada ya kupumzika, ni mlio wa kitu kinachojikusanya. Kinajikusanya lini? Wakati pedali imezimwa. Wakati imetulia na hakuna anayeisikiliza.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo penye tafakari yote. Mlangoni mwa saketi kuna kapasita. Ni kama sahani mbili zilizokaribiana bila kugusana. Sauti, ambayo ni mtikisiko, inavuka. Umeme uliotulia hauvuki. Kwa ndani, saketi ya kijana huyu ina volti 4.5 zilizotulia, nusu ya volti 9 za betri, na hizo si kosa: ndizo zinazoishikilia sauti katikati ili ipate nafasi ya kupanda na kushuka. Kwa nje ya kapasita panatakiwa pawe sifuri. Lakini pedali ikizimwa, swichi inauachanisha ule upande wa nje na gitaa, na unabaki ukining'inia. Haugusi gitaa, haugusi ethi. Na hakuna kapasita inayozuia kwa asilimia mia. Kuna kuvuja kidogo, kidogo mno. Kama kinachovuja kingekuwa na njia ya kushuka, usingejua kamwe kwamba kinavuja. Kwa kuwa hakina njia, kinakusanyika nje ya mlango, taratibu, hadi upande wa nje nao unapanda kuzielekea zile volti za ndani. Kimya kabisa. Kisha mguu unakanyaga. Ule upande unaungwa ghafla na gitaa, na kupitia waya wa gitaa unaipata ethi. Volti zote zinaanguka hadi sifuri kwa mara moja. Amplifaya haijui kwamba huo si muziki. Inachukua ilichopewa na kukikuza.

Kwa hiyo mguu hauna hatia. Mguu ulifungua mlango tu.

Yule kijana alikaa kimya, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Kaka, huyu ni mimi kabisa." Jumapili ileile, baada ya maneno ya katibu, hakumjibu mtu. Alifunga vifaa, akapanda daladala, akampisha bibi mmoja kiti, akasalimia watu njiani. Alipofika nyumbani, mdogo wake wa kike, yuko kidato cha pili, akamuuliza kama amerudisha chaja. Chaja tu. "Nilimwambia maneno ambayo sitaki kuyarudia. Hakulia hata. Aliniangalia tu, halafu akaingia ndani. Leo siku ya tatu ananipisha kwenye korido kama mgeni."

Wewe unayesoma, mdogo wako huyo yuko wapi? Au ni mama yako, au mwenzi wako wa chumba chuoni? Kwa sababu ndivyo tulivyo. Kazini mteja anakutukana unasema "samahani sana mheshimiwa". Bosi anakunyima haki yako unasema "hakuna shida". Siku nzima umezimwa, unapitisha sauti za wengine moja kwa moja, watu wanakuona mpole. Kisha unavuka mlango wa nyumbani, mahali pa kwanza ambapo mtu anakuuliza kitu wewe mwenyewe, na PO! Halafu tunasema wametuchokoza. Aliyeuliza chaja hakuchokoza. Alikanyaga tu swichi ambayo ilikuwa imejaa tangu asubuhi.

Paulo hasemi usiwe na hasira. Rudi usome ule mstari, utaona anaichukulia hasira kuwa itakuja. Na Marko, sura ya 3 mstari wa 5, anatuonyesha Bwana wetu mwenyewe akiwatazama watu kwa hasira na huku akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Zile volti 4.5 za ndani ni za kazi. Mtu asiyeumia akiona haki inavunjwa hana upole, ana betri iliyokufa. Anachokikataa Paulo ni kulala nayo. Kuiacha ining'inie usiku kucha upande wa nje wa mlango, hadi kesho mguu wa mtu uiguse.

Dawa yake kwenye pedali ni rezista moja. Omu milioni moja, kutoka ule upande wa nje wa kapasita hadi ethi. Unalehemu miguu miwili, umemaliza. Bei yake haifiki nauli ya daladala.

Kijana akauliza swali zuri. Kwa nini kubwa hivyo? Kama tunataka kitu kishuke, si tuweke waya mtupu kishuke chote? Nikampa kipande cha waya ajaribu. Akagusisha kutoka mlangoni hadi ethi, akapiga gitaa. Kimya. Mlio umekufa, na gitaa limekufa nalo. Rezista ya omu elfu chache nayo ingeinyonya sauti, ikaifanya hafifu na butu. Milioni moja ni njia nyembamba kiasi kwamba wimbo unapita bila kuhisi chochote, ilhali kile kinachovuja, kwa kuwa ni kidogo na kina muda, kinashuka chote.

Nawajua vijana wanaotumia waya mtupu. Akikasirika anamwaga yote palepale, kwenye status, kwenye kundi, kwa yeyote aliye karibu, na anaita huko kuwa mkweli. Kishindo hakipo, ni kweli, lakini na wimbo haupo. Hakuna siri ya mtu anayeweza kuitunza, hakuna neno analoweza kulishika hadi liive. Na wapo wa upande mwingine, hasa sisi tuliolelewa tukiambiwa "nyamaza, we mtoto wa kiume", wasio na njia kabisa. Kanisa limekaa na jambo hili miaka mingi na limetupa njia nyembamba ya kila siku: kuchunguza dhamiri jioni. Kwenye Sala ya Kabla ya Kulala, katika Sala ya Kanisa, kuna nafasi yake maalumu. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyochapwa mwaka 1548, aliipanga kwa hatua tano ambazo kijana yeyote anazikumbuka: shukuru, omba mwanga uzione dhambi zako, pitia siku yako saa kwa saa, omba msamaha, kusudia kujirekebisha.

Mimi ningependa tukae kwenye hiyo hatua ya tatu, maana ndiyo tunayoiruka. Tunasali "Bwana unisamehe hasira zangu" kwa ujumla, kama mtu anayepungia ethi mkono kwa mbali. Haishuki. Lazima iguse. Jumapili ile usiku sala yake ingeweza kuwa hivi: Bwana, saa nne asubuhi katibu aliniita mtu wa midoli mbele ya sauti ya tatu na ya nne. Niliona aibu. Nilitaka kumjibu kuhusu hela ya sare. Sikumjibu, na mpaka sasa namtungia majibu. Hapo umeshusha kitu. Zaburi zimejaa sala za namna hiyo, za watu wanaomwambia Mungu kilichowachoma bila kukipaka sukari. Haichukui dakika kumi.

Na hesabu yake inanifurahisha kama fundi. Kapasita ya nanofaradi 100 na rezista ya omu milioni moja, zidisha, unapata sehemu ya kumi ya sekunde. Mara tano ya hapo, yaani nusu sekunde, karibu yote imeshuka. Lakini kapasita ya mikrofaradi 1, iliyo kubwa mara kumi, kwa rezista ileile inahitaji muda mara kumi. Kuna watu walioumbwa kubeba vitu kwa muda mrefu. Mwenzako akisahau jioni ileile na wewe ukahitaji siku tatu za kushusha jambo hilohilo, usidhani imani yako ni ndogo. Endelea kushusha tu.

Mfano huu una mwisho wake, nauona. Rezista inafanya kazi itake isitake. Moyo lazima ukubali. Na neema si waya niliouchomeka mimi, ni Mungu anayekuja. Ila hata Mungu anapokuja, Eliya kwenye mlango wa pango, kitabu cha kwanza cha Wafalme sura ya 19, hakumkuta katika upepo, wala tetemeko, wala moto. Alimkuta kwenye kitu kidogo sana baada ya hayo yote, ambacho mtu aliyejaa kelele asingekisikia.

Tulilehemu ya kuingilia, tukaweka nyingine kama hiyo upande wa kutokea. Kishindo kikapungua sana, lakini upande wa kutokea kuna kitu kilikataa. Pedali ikiwa imewashwa, nikaweka mita kwenye jeki ya kutokea. Patakiwapo sifuri pakawa na umeme unaosomeka, na haukushuka hata tulipousubiri. Kapasita ya pale ilikuwa moja ya zile zilizotolewa kwenye redio mbovu. Kapasita za aina ile zenye maji ya kemikali ndani zikizeeka, au zikifungwa kinyume, zinavuja haraka kuliko rezista inavyoweza kushusha. Hapo hakuna ujanja, unaing'oa unaweka mpya. Tukaweka ya plastiki ya mikrofaradi 1, mita ikarudi sifuri.

Hapa nitasema wazi bila kuzunguka. Kuna vitu vinavuja moyoni tangu zamani, tumevileta kutoka redio mbovu ya mtu mwingine, na sala ya jioni peke yake haivishushi. Nenda kwenye kitubio, useme, upewe msamaha na ushauri. Na kama ni jeraha la utotoni, au kuna mtu anayekupiga au kukutesa sasa hivi, usikubali yeyote akwambie ukachunguze dhamiri yako halafu urudi mkono uleule ukuumize. Toka hapo salama, mwambie mtu mzima unayemwamini, padri, daktari, mshauri. Kijana aliitazama ile kapasita ya zamani mkononi, akaitia mfukoni. Hakusema ilikuwa redio ya nani, nami sikuuliza.

Bado kimlio kimoja. Kidogo, lakini kilekile kila mara, hata ukikanyaga mfululizo. Hicho hakikuwa cha kujikusanya. Nikauchomoa waya wa taa, ile LED ya kuonyesha kwamba pedali imewaka. Kimya. Nikaurudisha. Po. Alikuwa ameweka taa ya buluu kali, yenye rezista ya omu elfu moja tu, na kila ilipowaka ilinyakua umeme kwa pupa kutoka kwenye betri ileile inayoilisha saketi, saketi ikatikisika. Nikacheka. Nikamkumbusha Mathayo sura ya 6, wale wanaopigiwa tarumbeta wakitoa sadaka. Taa inayotangaza "nimewaka, nioneni" ndiyo iliyokuwa inaipigia kelele kazi yenyewe. Tukaweka omu elfu kumi. Hakufurahi. "Kaka, haitaonekana." Nikamwambia, itaonekana na anayepaswa kuiona, ambaye ni wewe, na uko juu yake.

Msije mkadhani nachukia kelele. Kwenye wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins wa mwaka 1961, uliorekodiwa Nashville, Grady Martin alipiga besi yake kupitia mkondo mbovu wa miksa ikatoka sauti ya kukwaruza ambayo hakuna aliyeipanga. Wakaiacha. Watu waliipenda kiasi kwamba mwaka 1962 ikatoka pedali ya Maestro Fuzz-Tone ya kutoa sauti ya namna hiyo kwa makusudi, na magitaa yamekwaruza tangu hapo. Mungu anajua kutumia kilichoharibika. Lakini wale walikaa wakasikiliza kwanza, wakaamua. Kishindo cha swichi hakikuachii nafasi ya kuamua.

Tulikuwa tumemaliza na kifuniko kimefungwa, ndipo nikamuuliza kuhusu katibu. Akaanza kukusanya vitu vyake. Nikamsomea Mathayo 5, mstari wa 23 na wa 24, kuhusu sadaka inayoachwa mbele ya madhabahu mpaka mtu aende kwanza kwa ndugu yake. Nilimwonyesha kitu ambacho mimi mwenyewe huwa kinanisumbua kwenye mistari ile. Bwana hasemi "ukikumbuka kwamba una neno na ndugu yako". Anasema kuhusu ndugu aliye na neno juu yako. Aliyejaa ni yule mwingine, na anayetumwa kwenda ni wewe. Kijana akasema katibu ndiye aliyemkosea. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia pia kwamba Jumapili ile katibu alikuwa kanisani tangu saa kumi na moja alfajiri, na mama yake amelazwa wiki ya pili, na hajamwambia mtu pale kwaya zaidi ya watatu. Midoli ilitoka wapi ghafla vile? Hakunijibu. Aliondoka na mfuko wake.

Kwa dada yake alikwenda usiku uleule. Hayo alinisimulia kwa ujumbe mfupi, na yatabaki kwao.

Jumamosi alifika mazoezini mapema kuliko wote. Katibu alikuwa anapanga madaftari. Wakatoka nje, wakasimama chini ya mwarobaini, kama robo saa. Kwa dirishani niliona katibu akitikisa kichwa mara nyingi, mara moja akavua miwani akaifuta. Sikusikia neno, na sikutaka kusikia. Waliporudi ndani kijana akachomeka gitaa, akachomeka pedali, mimi nikafungua miksa hadi pale ilipokuwa Jumapili ile. Akakanyaga. Katibu, ambaye alikuwa ameshajiandaa na viganja karibu na masikio, akasubiri, akasubiri, akamgeukia.

"Sasa mbona huiwashi?"

"Nimeshaiwasha, mama."